Swala Mbichi Kutoka Ulaya

"Phares, huyu swala amekuja kwa meli ama kwa baisikeli?"

Phares, rafiki wa mchumba wangu Mativo, alikuwa amesimama mlangoni kwetu mtaa wa Ziwani, suti yake ya kahawia imepigwa pasi, barua ya nne mkononi. Siku nyingine huketi kabla hajakaribishwa. Siku hiyo hakuketi.

"Kwa meli, shemeji. Wiki tatu baharini. Si nilikuambia?"

"Njoo umshike."

Nikamgeuzia mgongo wa yule swala wa mti. Kutoka shingoni mpaka mkiani kulikuwa na ufa mpya, ukucha unaingia.

"Jumatatu uliponiletea hakuwa na ufa. Alikuwa mzito, baridi kama chupa ya maji. Huu ni muhugu, Phares, na mti wa kuchonga hupasuka hivi ukiwa mbichi. Mti ambao Mativo aliubeba kwenda Ulaya mwezi wa sita unawezaje kuwa mbichi mwezi wa tisa?"

"Labda huko kuna unyevu. Unajua bahari..."

"Na vumbi la msasa lililo ndani ya masikio, nalo limevuka bahari?"

Phares akatazama viatu vyake.

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Tangu nilipoacha shule darasa la saba, nilikuwa nikipiga msasa sanamu za wachongaji kule Gikomba na kuzing'arisha kwa rangi ya viatu. Nilijua kisu cha kila mmoja wao. Huyo swala alikuwa wa Mativo kabisa, kwa vile anavyopenda kuinua kwato moja ya mbele. Mativo alisahau tu kwamba anayemletea ni nani.

Mwaka huo, themanini na nne, mzungu mwenye hoteli alipita bandani akamchagua Mativo kati ya wachongaji arobaini. Akampeleka Italia, mji wa pwani unaoitwa Porto Lume, akachonge mbele ya wageni kwa miezi sita. Kanisa lilimwombea. Baba yangu, Mzee Maingi, alichinja mbuzi. Harusi yetu ilikuwa ya Desemba, na Jumapili ya kwanza ya Oktoba mchungaji angesimama atutangaze. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Barua zilikuja nne, pamoja na kadi za picha, zote kupitia sanduku la posta la ofisi ya Phares. Nilikuwa nazisoma kwa sauti kwenye bomba la maji, wanawake wanaacha ndoo zinafurika. Ile ya pili ndiyo waliyoipenda sana:

"Mpenzi Kanyiva, hapa miavuli imepandwa mchangani kwa mistari kama mahindi, samawati na nyeupe, na kila mwavuli una namba. Watu hulala chini yake mpaka saa sita, kisha hula aiskrimu ya rangi saba. Kuna bomba refu kama la mvua ambalo watu wazima hutelezea mpaka baharini wakipiga mayowe. Kuna boti ya kukanyagwa kwa miguu kama baisikeli, mtu na mke wake hukaa bega kwa bega. Alasiri watu hupelekwa pangoni, maji ya humo ni buluu hata ukichota kiganjani. Nitakuleta tukanyage ile boti."

Niliota hiyo boti mara ngapi!

"Stempu ziko wapi, Phares?" nikamwuliza. "Bahasha zote nne zimekatwa kona."

"Watoto wa bosi hukusanya stempu."

"Phares wewe. Unaimba sauti ya nne kanisani na unanidanganya hivi hivi?"

Akaketi sasa, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Nilimwambia, usimpelekee sanamu. Kichwa ngumu kama gogo."

"Yuko wapi?"

"Shemeji..."

"Yuko wapi?"

"Mowlem, hapa hapa mjini. Tangu Julai."

Julai! Miezi miwili na zaidi, umbali ambao naweza kwenda kwa miguu nikarudi kabla ya giza.

"Ana mwanamke?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Mwulize mwenyewe."

Nilifunga swala kwenye leso nikatoka vile nilivyokuwa, na aproni yangu ya vumbi.

Nyumba aliyonielekeza Phares ilikuwa haijamalizwa, mawe bila plasta, gunia mlangoni badala ya pazia. Nilisikia kisu kabla sijamwona. Nilipoinua gunia, Mativo alikuwa ameketi kwenye debe, vipande vya mti vimemjaa miguuni. Alikuwa amekonda. Alinitazama, akatazama leso.

"Amepasuka," akasema.

"Salamu ndiyo hiyo?"

"Kanyiva, keti."

"Nikae wapi, chini ya mwavuli? Namba ngapi?"

Akainamisha kichwa.

"Ulienda kweli, ama hata kwa ndege hukupanda?"

"Nilienda. Nilikaa siku kumi na mbili. Hayo yote niliyoandika niliyaona kwa macho yangu."

"Kwa nini ulirudi? Uliiba?"

"Mimi?"

"Basi sema, maana nimetembea jua lote hili nikiwaza mwanamke, nikawaza polisi, nikawaza mpaka ugonjwa."

Akatia mkono chini ya godoro, akatoa picha. Alinipa kwa mkono wa kushoto, bila kunitazama, na Mativo hajawahi kunipa kitu kwa mkono wa kushoto.

Ilikuwa picha ya rangi. Ukingoni mwa bwawa la kuogelea, kati ya wazungu wawili wenye miwani ya jua, alisimama Mativo wangu, kiongozi wa kwaya. Kifua wazi. Kiunoni sketi ya nyasi. Usoni michoro ya chokaa, mkononi mkuki, na mdomo ameupanua kama anayenguruma.

"Kuchonga kulikuwa nusu saa," akasema. "Baadaye mwenye hoteli ananiambia, vua shati. Wageni wakianza chakula cha jioni natokea nyuma ya maua nikipiga kelele. Nikasema kwetu hatuvai hivi. Akasema wageni hawajui. Nilifanya hivyo jioni kumi na moja mfululizo, Kanyiva. Wanapiga makofi. Mama mmoja akanigusa nywele akacheka. Siku ya kumi na mbili nikavaa suti ya kanisa, nikakataa. Akanitupia tikiti ya ndege ya kurudi."

"Na boti ya kukanyaga?"

"Sikuipanda. Nilikuwa naisukuma asubuhi, wao wanapanda."

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika zile barua zote hakuna mahali aliposema yeye mwenyewe amefanya nini. Watu hulala, watu hula, watu huteleza.

"Ningerudi kanisani nikawaambia nini? Walioniombea? Baba yako alichinja mbuzi! Nilitaka miezi sita iishe, nije na sanduku kama wengine."

"Na mimi je?"

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Usinipakie hiyo!" Nililia, sikujali wapita njia. "Hii sketi hainiumizi. Wale ndio wa kuona haya. Mimi umenisimamisha bombani nikisoma uongo kwa sauti, kila mtu ananisikiliza, na wewe uko hapa. Hapa, Mativo! Umenivalisha nyasi yangu mwenyewe bila kuniambia."

Kisu kilimponyoka.

"Kesho baada ya ibada uje nyumbani umwambie baba. Na hiyo picha uje nayo. Usipokuja, nitamwambia mchungaji asitutangaze, wiki ijayo wala milele."

Alikuja. Suti ilimpwaya. Baba aliichukua ile picha, akaisogeza dirishani, akaitazama sana. Kisha akaenda kwenye sanduku lake la bati, akarudi na picha nyingine, ya zamani, imekunjamana. Ndani yake alikuwa kijana mwembamba katika kanzu nyeupe, mshipi mwekundu na kofia nyekundu ya shada, ameshika sinia. Sikuwa nimewahi kuiona.

"Hoteli ya wazungu, hapa hapa mjini," baba akasema. "Miaka kumi na saba. Waliniita boi mpaka nikawa na mvi, na kofia hiyo haikuwa ya kwetu. Jioni nilikuwa naivua, narudi kwa mama Kanyiva. Kwake sikujificha hata siku moja."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi sina neno na nyasi. Neno la barua, malizana na mwenyewe."

Wote wawili wakanitazama.

"Harusi ya Desemba haipo," nikasema. "Uje kila Jumamosi mlangoni, wewe mwenyewe, bila Phares. Na Jumatano ukasimame bombani uwaambie wale wanawake yote. Halafu tutaona."

Alisimama bombani. Nilikuwa nyuma na ndoo yangu. Mmoja alicheka, wengine wakamnyamazisha. Jumamosi alikuja, na iliyofuata, mvua ikinyesha ama isinyeshe. Tukatangazwa mwezi wa tatu, tukafunga ndoa baada ya Pasaka.

Siku ya harusi wageni walijaa sebuleni kwa baba. Ukutani, juu ya redio, alikuwa amezitundika picha zile mbili, bega kwa bega.

"Mzee Maingi," mchungaji akauliza, kikombe cha chai kimekwama hewani, "hawa ni kina nani?"

"Ni sisi," baba akasema. "Mimi na mkwe wangu, tukiwa kazini."