Rangi ya Ndani ya Kifaru

Haya yalimkuta rafiki yetu mmoja, fundi wa mifano ya plastiki. Alikuwa akiunda kifaru cha vita, kidogo kama kiatu, mfano wa kile alimofia kaka yake, ambaye mwili wake haukurudi. Makumbusho ya jeshi, alikoupeleka ili marehemu akumbukwe, yaliukataa mara mbili: rangi ya ndani si sahihi.

“Sahihi ni ipi, mama?” akamuuliza karani wa makumbusho.

“Hiyo ni siri ya jeshi, mwanangu,” karani akamjibu. “Ila ukikosea tena, jina la marehemu haliandikwi kwenye ukuta wetu wa mashujaa.”

Akapaka nyeupe kwa kubahatisha, akagundisha mfuniko. Umeme ukakatika. Gizani akasikia kucha zikikwangua, taratibu, kutoka ndani.

“Kaka?”

Akaubandua mfuniko, akamulika kwa simu. Nyeupe ilikuwa imekwanguliwa mistari mitano, na chini yake, badala ya plastiki ya kijivu, kulikuwa na rangi ya kijani hafifu ambayo yeye hakuipaka, bado haijakauka.