Kabati la Gemu Halipasuliwi

Kila siku baada ya shule, Zakia alipitia karakana ya mjomba wake, Jafari, kando ya barabara ya kutoka Lushoto mjini kwenda Magamba. Aliweka begi juu ya rundo la mbao, akasalimia, kisha akachukua ufagio na kufagia maranda. Mjomba Jafari alikuwa seremala wa milango na makabati. Mama yake Zakia, Halima, aliuza mboga sokoni mpaka jioni, kwa hiyo karakana ndiyo ilikuwa nyumba ya mchana ya binti huyo wa darasa la sita. Alikuwa mwepesi wa akili na mwenye ubishi wa kupitiliza. Shikamoo hakuikosa hata siku moja. Shida ilikuwa neno lililofuata baada ya shikamoo, ambalo mara nyingi lilikuwa "hapana".

Jumatatu moja alikuta karakanani kabati refu kumpita yeye. Lilikuwa na kioo kama cha televisheni ya zamani, na mbele yake ubao mpana wenye vitufe na fimbo mbili fupi za kuongozea, moja ya kichwa chekundu na nyingine ya kichwa cha bluu.

"Shikamoo mjomba. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Kabati la gemu. Nyumba moja ya wageni imefungwa, wakanipa wakisafisha stoo. Limekufa. Nitalipasua nipate mbao za banda la kuku."

"Limekufaje? Umelijaribu?"

Mjomba alichomeka plagi ili amnyamazishe tu. Kioo kilikoroma, kikawaka, na kindege kidogo cha kijani kikatokea katikati ya anga nyeusi. Zakia alirukia fimbo nyekundu. Ilitikisika kidogo mno, ikagoma. Ya bluu haikutikisika kabisa. Kindege kilikaa palepale kikingoja kupigwa, kikapigwa.

"Umeona?" alisema mjomba. "Fimbo zimeshikwa na kutu. Nimejaribu kuzichomoa, hazitoki. Gemu lisiloongozeka ni la kazi gani?"

"Mjomba, halijafa. Limefungwa mikono tu. Halipasuliwi."

Mjomba Jafari aligeuka taratibu. Katika ukoo wao mtoto hamwambii mjomba wake kitu gani kipasuliwe na kipi kisipasuliwe. Lakini Zakia alikuwa amesimama mbele ya kabati, ufagio mkononi, na hakuwa na dalili ya kupisha.

"Haya, mbishi," alisema mjomba. "Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Fimbo zote mbili zisipocheza, napasua, na wewe mwenyewe utanishikia mbao."

"Zitacheza, mjomba."

Kesho yake alikuja na Anord, jirani yao na mwanafunzi mwenzake. Walichomoa plagi kwanza, kama mjomba alivyowaamuru, ndipo wakainama kuangalia. Kila joistiki, kama Anord alivyoziita fimbo hizo, ilipita kwenye tundu la ubao, na chini yake ilishikwa na kisanduku cha chuma kilichozamishwa ndani ya ubao huohuo. Anord hakuwa mtu wa kukosa jibu.

"Hii si kutu. Wageni walimwagia soda, sukari ikaganda. Tuoshe kwa maji moto na sabuni."

Wakafanya hivyo. Walimimina maji pale fimbo ilipoingilia kwenye ubao, wakasugua kwa mswaki wa zamani, wakamimina tena. Walipomaliza, fimbo nyekundu, iliyokuwa ikitikisika kidogo, haikutikisika hata chembe. Anord alijikuna kichwa na kukumbuka kwamba ametumwa dukani.

Jioni hiyo habari zilimfikia mama, naye hakufurahi.

"Zakia, hayo si ndiyo yale madubwi yanayomeza hela za vijana? Sitaki kamari kwa kaka yangu."

"Si dubwi, mama. Hili halimezi hela wala halitoi hela. Unacheza, unashindwa, unacheka."

"Na kazi za shule?"

"Nazimaliza kwanza, mama."

Mama aligeukia chungu chake, lakini uso wake haukuwa wa kukubali.

Siku iliyofuata Zakia alifika karakanani na hasira zake zote. Watu waliosikia habari za kabati walikuwa wamemcheka njiani, wakimuuliza kindege kimeruka au bado. Mjomba alikuwa nje akipokea mbao. Zakia alichukua nyundo, akaipiga fimbo ya bluu ubavuni. Haikutoka. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Kichwa cha bluu kikapasuka ufa mrefu, na kipande kikarukia chini ya meza.

Mjomba aliingia mbio. Alitazama ufa, akamtazama Anord aliyekuwa ndio kwanza anafika mlangoni.

"Anord! Nani alikuruhusu kushika nyundo yangu?"

Anord alifungua mdomo, lakini Zakia alimwahi.

"Ni mimi, mjomba. Anord hayumo. Nimepiga mimi, kwa hasira."

"Basi yamekwisha," alisema mjomba, akanyanyua msumeno. "Kabla hujavunja na vingine."

Zakia alijipenyeza kati ya msumeno na kabati.

"Nisamehe kwa nyundo, mjomba. Adhabu yoyote nitaifanya. Lakini ulisema Ijumaa ya wiki ijayo. Leo ni Jumatano."

Mjomba Jafari alikuwa mtu wa neno lake, na Zakia alilijua hilo vizuri. Msumeno ulirudi ukutani.

"Utapiga msasa zile stuli zote. Na nyundo yangu usiiguse tena."

Alizipiga msasa stuli mpaka vidole vikamwuma. Alifika nyumbani ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti, na mlango wa jiko la nje ukagoma kufunguka. Zakia alisukuma kwa bega. Ukagoma. Akarudi nyuma apige teke.

"We! Usiupige huo!" mama alipaza sauti kutoka uani. "Umevimba tu. Msimu wa mvua na ukungu mbao inakunywa maji. Kiangazi huo mlango unaufungua kwa kidole."

Zakia alibaki amesimama, mguu mmoja hewani. Kabati lilikaa stoo miaka mingi, kwenye unyevu. Wao wakalimwagia maji, na fimbo ikakaza zaidi. Kumbe walikuwa wakipigana na chuma, na chuma hakikuwa na kosa. Ubao ndio ulikuwa umevimba na kukibana.

Asubuhi kabla ya shule alipita karakanani na kumweleza mjomba. Mjomba alipitisha kiganja juu ya ubao wa kabati kama afanyavyo akipokea mbao, akagonga kwa kidole, akasikiliza.

"Umevimba kweli," alisema mwishowe, akaanza kucheka. "Seremala mzima! Nimetazama chuma, mbao nimeipita."

Jioni walifanya kazi pamoja. Mjomba alifungua swichi ndogo na nyaya, akaziweka kando. Zakia alishikilia fimbo kwa bisibisi kutoka chini ili isizunguke, Anord akafungua vichwa kwa juu. Ubao ulipobanduka, Zakia aliubeba kichwani mpaka nyumbani.

"Dubwi jikoni kwangu?" aliuliza mama.

"Ni ubao tu, mama. Naomba nafasi uchagani."

Mama aliutazama ule uso uliokuwa tayari kubishana mpaka alfajiri. Akasogeza mahindi yaliyokuwa yakikaushwa kwenye uchaga juu ya mafiga, na ubao ukakaa pembeni, mbali na ndimi za moto.

Sasa ikaja kazi ngumu kuliko zote, yaani kutofanya kitu. Anord alitaka ubao ushushwe karibu na moto ili ukauke haraka.

"Hapana," alisema Zakia. "Ukikaushwa kwa pupa utapinda."

Kila jioni aliugeuza upande, akaurudisha, akaenda kufanya hesabu zake. Walioendelea kumcheka njiani aliwaambia wasubiri.

Ijumaa ya wiki iliyofuata ilipofika, aliushusha. Ulikuwa mwepesi. Karakanani mjomba aliuinamisha, Zakia akagonga kidogo kwa kiganja. Kisanduku cha kwanza kikatoka na kuangukia mkononi mwake. Cha pili kikafuata. Walifuta kutu kwa msasa, wakatanua matundu kidogo kwa tupa, wakapaka vanishi ya kukauka haraka ili ubao usinywe tena ukungu. Vanishi ilipokauka wakarudisha kila kitu mahali pake, na mjomba akachomeka plagi.

Mama alikuwa amefika kutoka sokoni, tenga tupu mkononi. Wote wanne waliinamia kioo. Zakia alivuta fimbo nyekundu. Kindege kikaenda kushoto. Akaisukuma. Kikaenda kulia, juu, chini, kikikwepa kila kilichokifuata, na Anord akapiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Fimbo ya bluu nayo ilicheza, pamoja na ufa wake.

Mjomba Jafari alimshika Zakia bega.

"Mama yako na mimi tumekuita mbishi tangu hujaota meno," alisema. "Leo nakwambia, ubishi wako ndio ulioliokoa kabati hili. Lakini kumbuka, siku uliyobisha kwa nyundo, ulivunja. Siku uliyojiuliza kwa nini, fimbo zilifunguka. Na ulipokosa, ulisema ni wewe, ndiyo maana nilikusikiliza tena. Usiache kukataa kushindwa, mwanangu. Ukiniona nakosea, nikatalie hata mimi, ila nikatalie kwa heshima, na uwe na sababu."

Kisha akachukua msumeno, akampita Anord na kabati, akaenda nje kutafuta mbao nyingine za banda la kuku.