Barua za Ogari

Mama mdogo Tryphosa alipoteza macho miaka sita iliyopita, lakini hakuwahi kuomba mtu amsomee barua pepe zake. Kompyuta yake ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Anashuka kwa vitufe vya mishale, barua baada ya barua, spika ndogo ikiwa kwenye sikio moja tu. Sikio la pili ni la nyumba.

Alhamisi hiyo mumewe, Ogari, alikuwa ameenda Nyansiongo kuangalia ng'ombe. Hapa Kebirigo mvua ilianza saa nane mchana. Mama mdogo alijibu barua za wenzake wa chama cha wasioona, akanywa chai, akaendelea.

"Barua mpya. Kutoka kwa Ogari," mashine ikasoma. "Nimefika. Fungua mlango."

Alishangaa. Ogari hana barua pepe. Hata simu yake ni ile ya vibonye. Papo hapo mlango ukabishwa, mara tatu, polepole.

Alikuwa ameshainuka simu ilipolia.

"Mama Persis, huku mvua ni kali," Ogari alisema, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Sijatoka Nyansiongo. Nitarudi kesho."

"Sasa huyu anayebisha ni nani?" alinong'ona.

Simu ikakatika.

"Barua mpya. Kutoka kwa Ogari. Nimeingia."

Hakusikia mlango ukifunguka. Alisikia tu mvua ikiwa karibu zaidi. Kisha matone. Juu ya saruji. Yakija.

Alichomoa spika sikioni. Akafunga kompyuta. Kiti cha kando yake kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa.

"Barua mpya," sauti ileile ikasema. Haikutoka kwenye kompyuta. Ilitoka kitini. "Kutoka kwa Ogari."

Ikavuta pumzi.

Saa kumi nilipita kumwona, na alipokosa kuitika hodi zangu, mimi na jirani tulivunja mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Tulimkuta sakafuni, hai.

Ogari alirudi kesho yake, mzima. Ndipo mama mdogo, kwa mara ya kwanza, akaniomba niangalie barua zake kwa macho yangu.

Za Ogari hazikuwepo hata moja. Lakini kwenye barua zilizotumwa niliikuta moja ya Alhamisi, saa nane na dakika kumi na nne, isiyo na anwani ya mpokeaji. "Karibu. Kaa hapa kando yangu."

"Kuna kitu?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

Nimeifuta mara nne sasa.