Kichupa cha Karani

"Hiki kichupa kimeandikwa Karani. Ni mbwa wetu huyu?"

Mume wangu, daktari wa wanyama, alikuwa ameniletea sampuli kwenye maabara ninakofanya kazi. Sasa alikuwa amesimama mbele ya friza, kichupa mkononi.

"Ndiye," nikasema.

"Uliniapia umechoma sampuli zake zote."

Niliapa, ndiyo. Mbwa wetu tulimwita Karani kwa sababu hakuna aliyeingia ndani bila kukaguliwa naye. Miezi minane iliyopita mume wangu mwenyewe alimpasua kumtoa uvimbe mdogo tu. Kidonda kikaoza, dawa zote zikagonga mwamba, Karani akafa. Tangu hapo mume wangu husikia kucha zake zikitembea jikoni. Kila asubuhi humwekea maji. Mimi humwambia sisikii kitu.

"Kwa hiyo unawafuga bakteria waliomuua?"

"Natafuta chanjo."

Akaondoka bila kuaga. Jioni ikaingia meseji: "Niko kwa dada yangu. Siwezi kuishi na mtu anayenidanganya mchana kweupe."

Nikampigia. Akapokea.

"Nisikilize, halafu uniache ukitaka. Nimelinganisha bakteria wa mbwa arobaini, wote sugu kwa dawa. Wote wana protini moja ileile juu yao, na damu ya Karani ilikuwa imeshaanza kupambana nayo. Ilichelewa siku chache tu. Chanjo ikiwafundisha mbwa wazima kuitambua mapema, hawatakufa kama yeye. Bila kichupa kile nisingeijua."

"Na unajua walikotoka hao bakteria?"

Hapo ndipo nilipokuwa napaogopa.

"Kwa yule mbwa uliyemsafisha jipu asubuhi ile, kabla ya kumpasua Karani. Ni walewale."

"Sikubadilisha glavu," akasema. "Nilikwambia uchome ili usijue."

"Nilijua wiki ileile."

"Ukanyamaza?"

"Nilikupenda. Na nilikuwa na hasira na wewe, sikufichi."

Kesho yake asubuhi alirudi na begi lake. Akaingia jikoni, akajaza maji kibakuli cha Karani kwa mazoea. Mara kucha zikasikika sakafuni, ta, ta, ta, kutoka kwenye jiko hadi mlangoni, zikasimama mbele ya begi.

Akaniangalia. Aliona aibu hata kuuliza.

"Nimesikia," nikamwambia. "Nasikia siku zote, mume wangu."

Akaketi sakafuni akalia. Nikaketi karibu yake, tukasikiliza pamoja.