Mama Yangu Hashindwi na Kitu

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mama yake kuuliza kazi imefika wapi. Alikuwa na jina lake halisi, refu na zuri, lakini nani alilitumia? Tangu ajue kusema hakujua kunyamaza, basi majirani wakampa jina la yule ndege mwenye kelele, na mama yake naye akawa Mama Chiriku mtaa mzima.

Mama Chiriku alikuwa mtengenezaji wa tovuti. Hakuajiriwa na mtu. Ofisi yake ilikuwa pembe ya sebule, kati ya dirisha na kabati la vyombo. Bosi wake alikuwa yeye mwenyewe, "na ni bosi mkali," alipenda kusema, "likizo hanipi ng'o!" Wateja wake walikuwa watu wa mtaani: mwenye duka la dawa, mwalimu wa chekechea, na sasa fundi seremala, aliyetaka hata watu wa mbali waone vitanda na makabati yake kwenye simu zao.

Mama alikuwa na desturi moja ambayo haikuvunjwa. Kabla ya kugusa kazi yoyote, alikaa na mteja, wakasoma makubaliano yao kwa sauti, kisha akamwambia, "Haya, sema tena kwa maneno yako."

Siku ile fundi alijikuna kichwa kwanza. "Utanitengenezea tovuti yenye picha za kazi zangu, maelezo yake na namba yangu ya simu. Picha nitaleta mimi. Tunafungua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na mmoja wetu akitaka kubadili kitu, tunakaa tena wote wawili."

"Hapo tumeelewana," alisema mama, wakatia saini.

Chiriku alikuwepo na aliyasikia yote. Yeye pia alikuwa na kazi yake, na aliionea fahari sana: kupokea simu mama anapokuwa mbali nayo. Sharti la mama lilikuwa jepesi. Msalimie mteja, msikilize, kisha uje unieleze. Usimjibu kwa niaba yangu.

Alasiri moja mama alikuwa uani akianua nguo, simu ikalia.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba, Chiriku. Mama yupo?"

"Anaanua nguo. Niambie mimi tu."

"Nimepata wazo, bwana. Hivi mtu anaweza kuchagua mbao na rangi, halafu akakiona kitanda kikibadilika palepale kwenye picha? Au kazi hiyo ni ngumu kwa mama yako?"

Ngumu? Kwa mama yake? Chiriku aliona kama ametukanwa yeye.

"Ngumu wapi! Mama yangu hashindwi na kitu. Jumamosi utaikuta."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, fundi. Wewe watangazie watu!"

Mara tu alipokata simu akalikumbuka lile sharti. Mama aliingia na nguo begani, akauliza nani alipiga. "Fundi," alijibu Chiriku. "Anakusalimia tu." Alijiambia kwamba atasema kesho. Kesho ilipofika, akaona kesho kutwa ni bora zaidi.

Siku mbili kabla ya ufunguzi, alipokuwa akirudi kutoka shule, alipita mbele ya karakana ya fundi. Ubao mpana ulikuwa umesimamishwa mlangoni, umeandikwa kwa rangi nyekundu: TOVUTI YETU INAFUNGULIWA JUMAMOSI. CHAGUA MBAO, CHAGUA RANGI, ONA KITANDA CHAKO KIKIBADILIKA! Wanawake wawili walikuwa wakiusoma.

"Tutajaribu hiyo Jumamosi," alisema mmoja. "Tusipoiona, tutajua huyu naye ni mwongo kama wenzake."

Fundi angeaibika mbele ya wateja wake, na lawama zingemwangukia nani? Mama. Katika mtaa wao mteja mmoja ndiye aliyemleta mwingine, na habari mbaya haina breki. Chiriku aliogopa, akakimbia nyumbani, akasema yote akiwa bado ana viatu miguuni.

Mama aliondoa mikono kwenye kompyuta, akamtazama.

"Lakini si unaweza, mama?" aliuliza Chiriku kwa sauti ndogo.

"Naweza, nikipata muda wa kutosha na picha za kila aina ya mbao. Kufikia Jumamosi, hapana. Kuweza ni jambo moja na kuahidi ni jambo jingine." Akasimama. "Vizuri hujavua viatu. Twende kwa fundi. Utasema mwenyewe, nami nitasimama karibu nawe."

Karakana ilinukia mbao mbichi, na sakafu ilijaa maranda. Fundi alikuwa akipiga randa. Chiriku, kwa mara ya kwanza maishani, aliona maneno ni mazito, lakini aliyatoa yote: aliahidi bila kutumwa, kisha akamficha mama.

Fundi aliweka randa chini. "Sasa mimi nitaficha wapi uso wangu? Nimeshatangaza! Mama Chiriku, wewe nilikujua si mtu wa maneno mawili."

"Kosa la mwanangu ni langu, fundi, na ninakuomba radhi," alisema mama kwa utulivu. "Lakini siku ile tulipatanaje? Sema tena kwa maneno yako."

Fundi aliitazama meza iliyokuwa ikikauka vanishi pale pembeni. "Mmoja akitaka kubadili kitu, tunakaa tena wote wawili," alisema polepole. Akajikuna kichwa. "Juzi tu nimegombana na mwenye meza hii. Imeshakwisha, naye anataka niirefushe kidogo. Nikamwambia, mzee, hii ni meza, si unga wa mkate, haiumuki!"

Alijisikia mwenyewe, akaanza kucheka. "Kumbe na mimi nilitaka tovuti iumuke. Nikachukua neno la mtoto, badala ya kumngoja mwenye kazi."

Wakavuta viti, wakakaa upya. Jumamosi tovuti ingefunguliwa kama walivyopatana. Kitanda cha kubadilika kingekuwa kazi nyingine, yenye makubaliano yake, fundi akishapiga picha za mbao zake zote.

"Na ubao?" aliuliza fundi.

"Nitaupaka rangi mimi," alisema Chiriku.

Aliupaka upya kwa brashi ya fundi, akaandika: TAZAMA KAZI ZETU KWENYE TOVUTI KUANZIA JUMAMOSI. KUCHAGUA MBAO NA RANGI, KARIBU KARAKANA. Wenzake wa shule walipita wakimtania, "Chiriku, leo umenyamaza?" Naye akajibu bila kugeuka, "Mdomo nimeiazimisha brashi."

Jumamosi tovuti ilifunguka, safi na nyepesi. Wale wanawake wawili walitazama vitanda kwenye simu, kisha wakaingia karakana kuzishika mbao kwa mikono yao. Fundi alitabasamu kutwa nzima.

Jioni ile simu ya mama ililia, naye akamwashiria Chiriku aipokee. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa chekechea.

"Chiriku, hivi mama anaweza kutuwekea nyimbo za watoto kwenye tovuti yetu? Au itamshinda?"

Ulimi ulimwasha. Akamtazama mama, ambaye alijifanya anasoma.

"Kumshinda haitamshinda, mwalimu," alisema Chiriku. "Lakini kukubali ni kwake. Nitamweleza, atakupigia."

Mama aliinua uso na kucheka kwa furaha. "Unajua kwa nini wateja wananirudia, mwanangu? Si kwa sababu naitikia kila kitu. Ni kwa sababu nikiitikia, wao wanalala usingizi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Haya, sema tena kwa maneno yako."

Chiriku alifikiri kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mdomo wangu usiahidi kazi ya mikono ya mwingine. Na nikikosea, niseme siku hiyohiyo."

"Hapo tumeelewana," alisema mama, akamwachia simu aendelee kuishika.