Punda Aliyefungiwa Kama Ng'ombe

Kimeli wa Sosiot hakuwa mvivu. Alipenda tu kazi ifanywe na mwingine. Mke wake, Sellah, alikamua ng'ombe. Punda alibeba mitungi ya maziwa mpaka kwenye tangi la kupozea, ambako lori lilipitia kuyachukua kila asubuhi. Kimeli alifuata nyuma na fimbo, akisalimia watu.

Punda huyo aliitwa Karani, kwa sababu hakukubali mzigo kabla ya kugeuka na kuukagua. Mchana alikula nyasi kando ya shamba la majani chai. Jioni mvua ilimpiga akiwa nje, masikio yameanguka.

Siku moja Kimeli alienda semina ya wafugaji. Walifundishwa kumfungia ng'ombe ndani na kumletea chakula. Akafanya hivyo, maziwa yakazidi. Akawaza siku mbili nzima.

"Mama Kiptum," akamwambia Sellah, "ng'ombe alifungiwa, maziwa yakazidi. Punda akifungiwa, nguvu itazidi."

"Punda si ng'ombe, Baba Kiptum. Mjengee mahali pa kujikinga mvua, lakini aachwe atembee."

"Kwani wewe ulienda semina?"

"Sikuenda. Lakini punda namwona kila siku."

Kimeli akajenga kibanda cha mabati, chenye giza na kilichobana kama kabati. Akamfungia Karani na kumlisha unga wa ng'ombe. Alimtoa kwa safari ya maziwa tu.

Wiki ya tatu, sakafu ilikuwa uji wa mavi na mkojo. Karani alikohoa. Tumbo lilikuwa kubwa kama la mgeni wa arusi. Asubuhi moja akasimama kwa miguu mitatu, akakataa kutoka. Kimeli akamvuta mbele. Akamsukuma nyuma. Karani akampa teke moja la adabu, si la kuvunja mfupa.

Basi Kimeli akapakia mitungi kwenye wilbaro, kile kigari cha gurudumu moja, akapanda mlima akihema. Jirani yake Chepyegon akamsimamisha, akamsalimu kwa Kikalenjin.

"Chamgei, mzee. Nasikia umepata punda mpya."

"Nani amekuambia?"

"Namwona. Anasukuma wilbaro."

Kimeli alifika lori la maziwa likiwa limeondoka. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu maziwa yakaganda njiani.

"Punda asipopona, tutauza ng'ombe," Sellah akasema. "Maziwa hayajui kutembea yenyewe."

Sellah akampigia simu Celine Adongo, daktari wa mifugo.

Adongo alipofika, Kimeli alimtazama kutoka viatu hadi kofia. "Wewe ni mtu wa ziwa. Huko mnajua samaki. Punda umemjulia wapi?"

"Samaki hana kwato, mzee. Ndiyo maana nilipata nafasi ya kusoma za punda."

Akainua mguu wa Karani. Harufu ikatoka, Kimeli akarudi nyuma hatua tatu.

"Kwato imeoza," Adongo akasema. "Kwato za punda zinataka pakavu. Na hiki kikohozi ni cha hewa ya mkojo. Wewe ungelala humu?"

"Nilimkinga na mvua."

"Hapo ulifikiri vizuri. Manyoya yake hayazuii maji kama ya ng'ombe. Lakini toa ukuta wa mbele. Abaki na paa na kuta tatu, mgongo wa nyumba uelekee upepo. Inua sakafu, weka nyasi kavu, zoa mavi kila siku. Usimfungie. Aingie na kutoka anapotaka."

"Na unga?"

"Mwachie ng'ombe. Unga huo unaweza hata kuwa na dawa inayomwua punda. Mpe nyasi, mabua makavu na maji safi. Kila siku safisha kwato kwa kijiti butu, polepole, ukitoka kisigino kwenda mbele. Tazama mgongo kama una kidonda kabla ya kuweka mzigo."

"Nilitaka kumwagia maji ya betri hapo penye kuoza."

"Jimwagie wewe kwanza," Adongo akasema. "Dawa nitaweka mimi. Asibebe kitu mpaka niseme."

Kimeli akang'oa mabati ya mbele. Kwa wiki tano alisukuma wilbaro, na kila jioni akapiga magoti kusafisha kwato. Karani aligeuka akamkagua, kama kawaida.

Adongo aliporudi, alimtembeza Karani kwenye mawe. Hakuchechemea. "Anza na mtungi mmoja," akasema.

Kesho yake maziwa yalifika kabla ya lori. Kimeli akainua mguu wa Karani mbele ya foleni nzima ya wafugaji.

"Kwato hazitaki unyevu," akafundisha. "Na punda msimfungie. Mjengeeni paa, atembee mwenyewe."

"Haya yote umeyajua wapi?" Chepyegon akauliza.

Kimeli akakohoa kidogo. "Nilimsikiliza punda."

Sellah alikuwa nyuma yake, ameshika mtungi mtupu.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilikuambia hayohayo kwa Kiswahili kizuri. Kuanzia leo, nikitaka kitu nyumbani, nitalia kama punda."