Kaptula Mbili za Kubana

Taa za njia panda ya stendi zilipowaka kijani, kila chombo kiliondoka isipokuwa mwanamume mmoja, amesimama katikati ya barabara na baiskeli mkononi kama mtu aliyepotezana na mama yake sokoni. Fulana yake ya manjano ilimbana, kaptula yake nyeusi ilimbana zaidi, na viatu vyake vililia ko! ko! kila alipopiga hatua. Gurudumu la mbele, jembamba kama kidole, lilikuwa limenasa kwenye wavu wa mfereji na kupasuka.

Honi zilimwangukia kutoka kila upande.

"Kaka, unangoja harusi hapo?" sauti ya kike ilimpigia kelele. "Toka barabarani!"

Mwenye sauti alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la maua mekundu, juu ya baiskeli nyeusi ya chuma yenye kapu mbele na keria nyuma. Kapuni mlijaa vitambaa. Mtaani kwake walimwita Fundi, maana alishona nguo, na mdomo wake nao ulikuwa na sindano.

"Tairi limepasuka," mwanamume alisema.

"Naona, si kipofu. Unakwenda wapi?"

"Kliniki. Mimi ni daktari wa meno. Kuna mgonjwa ananisubiri mdomo wazi."

"Basi panda keria."

Daktari aliangaza kushoto na kulia. Katika klabu aliyoendesha nayo kila Jumapili kulikuwa na sheria ambazo hakuna aliyezitunga lakini kila mtu alizishika. Wenye baiskeli za mbio hawakuwasalimia wenye baiskeli za milimani. Hizo waliziita matrekta. Za kukunja ziliitwa miavuli. Za umeme waliziita blenda, na mwenye nayo alionekana tapeli. Baiskeli za chuma kama hii hazikuwa hata na jina la utani. Hazikuhesabiwa.

Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Daktari alipanda, baiskeli yake begani, miguu ikining'inia, na njia panda nzima ikaangua kicheko.

"Hii chuma ina uzito gani?" aliuliza huku akiyumba.

"Uzito wake na wako nauvuta bila kulalamika. Yako je?"

"Yangu naiinua kwa kidole kimoja."

"Ndiyo maana imeshindwa kukubeba."

Daktari alicheka hadi nusura aanguke. Walipofika kliniki aliomba namba ya simu, akidai anatafuta fundi wa kuaminika. Jioni ileile alipiga.

"Fundi, nina suruali imeachia."

"Imeachia wapi?"

"Sijaamua bado."

Chumba cha kushonea kilikuwa kimoja tu, ukuta kwa ukuta na kinyozi. Humo alikaa pia shangazi yake Fundi, akitia vifungo na kupunguza sauti ya redio kila simu ilipolia, asipitwe na neno.

"Huyo jino linamuuma," Shangazi alisema, "ila si la mdomoni."

Mapenzi yakachipua kati ya mashine na pasi. Daktari alimwita "malkia wa sindano", naye aliitwa "meno yangu". Alipotoka kazini alikuja kukaa juu ya marobota ya vitambaa, akimsimulia wagonjwa wanaomng'ata, naye Fundi alimpima mabega hata pale ambapo hapakuwa na shati la kushona. Kisha Daktari akamletea kazi kubwa: sare za klabu yake, fulana na kaptula, kwa ajili ya mbio za mji.

"Jumapili ulete sampuli mkahawani tunapopumzikia," alimwambia. "Nataka wenzangu wakujue."

"Wanijue kama nani?"

"Kama wewe, kipenzi."

Jumapili hiyo Fundi alivaa gauni jeupe lenye mkanda wa samawati, alilojishonea mwenyewe kwa siku hiyo. Aliegesha chuma chake ukutani kando ya baiskeli za klabu zilizong'aa kama vyombo vya kabatini, akamkabidhi mhudumu kifurushi cha sampuli, akaingia msalani kujitengeneza. Alipotoka, baiskeli yake haikuwepo. Aliikuta nyuma ya jiko, imetupwa juu ya mapipa ya taka, maganda ya viazi yakiwa yamejaa kapuni.

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti nene ilikuwa ikitoka ndani. Ilikuwa ya Kapteni, mkuu wa klabu, mtu aliyekata mpini wa mswaki wake ili mkoba wake wa safari uwe mwepesi.

"Nani aliegesha lile lichuma kando ya baiskeli yangu ya kaboni? Litaniambukiza kutu! Nimelitupa kwenye taka. Daktari, si la yule mwanamke wako? Nasikia alikubeba kwenye keria kama gunia la mkaa!"

Meza nzima ilicheka. Fundi alichungulia. Daktari alikuwa na kikombe mkononi, akitabasamu lile tabasamu analowapa watoto kabla ya kuwachoma ganzi.

"Acheni hizo," alisema. "Yule ni fundi wetu wa nguo tu."

Fundi hakulia, wala hakuingia. Alimwaga maganda, akapanda, akakanyaga pedali njia nzima kama anayekanyaga shingo ya mtu.

Simu ililia kabla hajafika.

"Kipenzi, mbona uliondoka? Nimekutafuta."

"Fundi wenu wa nguo ana kazi nyingi."

"Ulisikia."

"Sare zitakuwa tayari. Usinipigie tena."

Alipiga tena, na tena. Alikuja mwenyewe, akamkuta Shangazi mlangoni.

"Fundi yuko ndani," Shangazi alimjibu, "ila kwako hayupo."

Ndani, mashine ilikuwa ikinguruma. Fundi alizishona sare zote kwa uzi imara, mshono juu ya mshono, isipokuwa kaptula mbili: ya Kapteni na ya Daktari. Hizo mshono wa nyuma aliupitisha kwa uzi wa kushikizia, ule uzi dhaifu wa kushika kitambaa kwa muda tu.

Shangazi aliinua moja, akaivuta kidogo mwangani.

"Hii itaachia akiinama."

"Ndiyo kazi niliyoituma."

"Na wengine?"

"Wengine walicheka tu. Hao Mungu atawaona."

Shangazi alifikiri. "Basi ya Kapteni ipunguze kidogo kiunoni."

Siku ya mbio watu walijipanga kandokando ya barabara. Kulikuwa na tarumbeta, na kila aina ya baiskeli: matrekta, miavuli, blenda, na chuma kibao. Fundi na Shangazi walichagua mahali pa kukaa kwenye mlima mkali, wakashika karanga zao, wakangoja.

Klabu ilikuja imeshikana, Kapteni mbele, akiwafokea wa baiskeli za kawaida. "Pembeni! Pembeni nyie na vyuma vyenu!" Mlima ulipoanza kuuma, aliinuka kwenye siti, akainama, akakanyaga kwa nguvu zake zote.

Prrraaa!

Wa baiskeli za mbio hawavai kitu chini ya kaptula. Mji mzima uliona mahali ambapo jua lilikuwa halijawahi kufika. Akijaribu kukaa, mlima unamshinda. Akiinuka, watu wanapiga vigelegele. Mwishowe alishuka, akajifunika kwa kofia yake ngumu, na wakati huohuo mama mmoja mwenye chuma na kabichi nyuma akampita taratibu akimpa pole.

Moyo wa Fundi ulikuwa kama umemwagiwa maji baridi siku ya joto. Alicheka hadi akamshika Shangazi bega. Kisha akaja Daktari. Aliinuka, akainama, na mshono wake nao ukapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho.

Lakini hakushuka, wala hakujifunika. Aliendelea kupanda wima, kelele zikimfuata, na alipomfikia Fundi aligeuka, akamtazama usoni, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea haki yake.

Fundi aliacha kucheka, akampa Shangazi karanga zake.

Akasukuma chuma chake hadi juu. Huko alimkuta Kapteni, amejifunga bango la tangazo la maji, anabweka.

"Yule mwanamke nitamtangaza! Hatashona hata kitambaa cha kufutia meza katika mji huu!"

"Hutamtangaza," Daktari alisema. Alikuwa amejifunga taulo, jasho likimtiririka.

"Wewe si umeaibishwa kama mimi?"

"Mimi uzi niliuona tangu juzi. Nashona fizi za watu kila siku, mshono wa muda naujua. Nikavaa makusudi, kwa sababu ilinistahili. Na yule si fundi wetu tu. Nampenda, nikamkana mbele yenu kwa ajili ya baiskeli. Wewe mtangaze, na mimi nitasimulia baiskeli yake uliitupa wapi, na kwa nini."

Wenzao walitazama chini. Hakuna aliyemtetea Kapteni. Fundi aligeuza baiskeli, akashuka mlima.

Alasiri Daktari alikuja chumbani kwa miguu, amevaa suruali na shati la kazini. Shangazi alizima redio kabisa.

"Uliona uzi, ukavaa?" Fundi aliuliza bila kuinua macho.

"Nikavaa."

"Mjinga wewe."

"Najua."

"Kwa Kapteni sijutii hata chembe."

"Sikuombi ujute."

"Kwako..." Alisimamisha mashine. "Kwako nilifurahi, mpaka uliponitazama. Umeniharibia kisasi changu."

"Nisamehe. Nataka kukuoa. Nitamwambia kila mtu, nikianzia na wale."

"Sijakusamehe. Bado inaniuma, na sitajifanya imepoa."

"Basi naelewa." Akageukia mlango.

"Huelewi kitu, ndiyo shida yako. Nimesema sijakusamehe. Nimesema sikutaki?"

Daktari alisimama palepale.

"Wazazi wako waje kumwona Shangazi," Fundi alisema. "Nitaolewa nikiwa na hasira zangu. Utaishi nazo humo ndani mpaka ziishe zenyewe."

"Zitaisha lini, mpenzi?"

"Utakapoacha kuuliza."

Daktari alivuta kiti, akaketi karibu naye, na hakuuliza tena.